Kofia Iliyopimwa kwa Kopo la Tomati

Rezo ya kwetu, mtandao wa simu, inashika mahali pamoja tu, kwenye ua wa jirani anayefuga ng'ombe, kati ya nguzo ya tatu na ya nne. Ukisogea kwenye nguzo ya tano, imepotea. Ukipanda juu ya kilima, ambako mtu mwenye akili angedhani itakuwa nzuri zaidi, imepotea vilevile. Kwa hiyo karibu kila ninachokijua kuhusu kufuma nimekisoma nikiwa nimesimama hapo, viatu kwenye samadi, ng'ombe wakinitazama kwa ile subira yao inayoudhi. Mama wa nyumba ile, akipita na bidoni yake ya maziwa, ananiuliza kila asubuhi, “Bado unangojea muchumba mu telefone?” Na mimi, badala ya kumjibu kama watu wanavyojibu, natazama chini.

Mimi ni mtu wa kutazama chini. Heri niliandike mapema. Shuleni, mwalimu akiuliza kitu ninachokijua vizuri, natazama dawati mpaka jibu linachukuliwa na mwingine ambaye halijui vizuri, na darasa linampigia makofi. Nimekasirika namna hiyo tangu darasa la tatu la msingi, na kukasirika kwenyewe hakujawahi kunifanya ninyanyue mkono.

Na picha hazionekani. Hilo nalo. Telefone ni ya Mama, unite, yaani salio, ni za kupigia baba zetu wadogo walioko Goma, kwa hiyo mimi natumia ule mtandao wa bure ambao unakupa maneno na kukunyima foto. Mahali ambapo foto ingekaa pana kisanduku cha kijivu, basi. Wanawake ninaowafuata wako humo humo kwenye ya bure. Mmoja yuko Mubi, upande wa Walikale, mmoja Hombo, mmoja Mubambiro. Kila mmoja ana ukurasa wake wa kazi za mikono, anaandika, wengine wanasoma na kujibu. Ni watu wa kufuma ambao hawajawahi kuona kazi ya mwenzao hata siku moja. Ukimweleza mtu jambo hili anacheka. Lakini kwa sababu hatuoni, wamejifunza kuandika mpaka unaona.

Mama wa Mubi ndiye niliyempenda kwanza. Ana restora ndogo kwenye barabara ile ya msituni, anapikia madereva na wapanda pikipiki wanaotoka kwenye machimbo, na anafuma kati ya lori moja na lingine. Akitaka kukueleza uache uzi mrefu kiasi gani mwanzoni, anasema uwe wa kutosha kufunga kuku mguu na kumwacha ale. Akitaka kukueleza ukingo, aliandika hivi: ukitoka vizuri unakaa kama punje za mahindi kwenye gunzi, ukitoka vibaya unakaa kama meno yangu. Siku moja alinyamaza majuma mawili, maana watu wa kule walikuwa wamekimbilia porini. Aliporudi, kitu cha kwanza alichoandika ni kwamba amepoteza sindano moja njiani na sasa anafuma na moja ya waya na moja ya mwanzi, na kwamba vitanzi vinatoka kama watoto wa baba tofauti. Nilicheka peke yangu mbele ya ng'ombe.

Yule wa Mubambiro ni mke wa soda, mwanajeshi. Kazi yake ni kufumua. Ananunua masweta ya balo, ya mitumba, yale makubwa yasiyomfaa mtu yeyote huku, anayafumua, anafua ule uzi na kuuzungusha kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa, kisha anautundikia chupa ya maji ili unyooke. Kwake nilijifunza kugeuza sweta sokoni na kutazama mishono ya ndani. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi, usiguse, utapata vipande vifupi kama nywele za saluni. Kabla ya kumsoma nilikuwa nimeshaharibu masweta mawili. Mama hajasahau.

Wa Hombo anauza mafuta ya mawese pale mpakani na anashona vitambaa vya meza kwa kroshe. Anaandika mistari mitatu, minne, halafu anaondoka. Ni mkali. “Wenye kuanza vitu kumi na kumaliza sufuri, ukurasa hii haiko yenu,” aliandika siku moja, na mimi nilirudi nyumbani nikamaliza soksi niliyoiacha tangu Noeli.

Miaka miwili nimewasoma. Katika miaka miwili sijawaandikia hata neno. Hata kale kakidole ka kupenda sikukabonyeza, kwa kuogopa kwamba wanafunzi wenzangu wataona jina langu na kusema huyu naye anajifanya bibi kizee. Nilichukua kila kitu chao kimyakimya. Sasa ninapoandika hivi naona ni aibu, lakini wakati ule niliita heshima.

Kitu kilichonivutia kuliko vyote ni jinsi wanavyopima. Masista wa parokia wana kitabu cha kufuma, kile kimoja nilichowahi kukishika, na chenyewe kinahesabu tu: weka vitanzi themanini, fuma mistari ishirini. Mama wa Mubi alikataa hesabu toka mwanzo. Aliandika:

“Sindano yako iko rayo ya kinga, yangu iko waya ya mwavuli. Layine yako ilitoka mu pullover ya muzungu munene, yangu ilitoka mu soseti. Sasa tukihesabu sawasawa, njo tutapata kitu gani ya sawasawa? Muache kuhesabu. Mupime.”

Sindano zangu kweli ni rayo za kinga, spoku za baiskeli ya Papa, nilizozisugua kwenye jiwe mpaka ncha ikalainika. Nilihisi ameniandikia mimi. Basi wote wakaanza kupima kwa vitu vilivyo katika kila nyumba. Mkono wa sweta ya mtoto wa mwaka mmoja ni chupa ya bia mpaka shingoni. Soksi ya mtoto mchanga ni mche wa sabuni ya kufulia uliokatwa katikati. Na kofia ya mtoto wa siku ya kwanza, alisema Mama wa Mubi, ni kopo la tomati: weka vitanzi mpaka vizunguke kopo bila kuvutwa sana, kisha panda juu ukifuma.

Mwaka huu yaya yangu alishika mimba yake ya kwanza. Yaya ni dada yangu mkubwa, ameolewa kilima cha pili kutoka kwetu, na yeye hajawahi kutazama chini maishani mwake. Kwetu mzazi akitoka maternite na mtoto wa kwanza, wanawake wa familia wanakwenda kumwona siku moja wote, na zawadi zinafunguliwa mbele ya watu. Kila moja inanyanyuliwa juu, aliyeileta anatajwa, wote wanapiga vigelegele. Ningependa zaidi kupeleka kuni. Lakini Mama alishasema kwa kila mtu kwamba mimi ninafuma.

Nikaamua kufuma kofia ya Mubi. Layine, uzi wa sufu, ilikuwa ya kijani kibichi, niliyoifumua kutoka kwenye sweta la balo, mishono ya ndani ikiwa mizima, kama nilivyofundishwa. Butiki ziko mbili kwetu, na zote mbili zinauza kopo la tomati la aina moja, lile dogo linaloingia kwenye ngumi. Nikaomba Mama anibakizie moja. Nikaliosha, nikaweka vitanzi, vikazunguka kopo bila kuvutwa sana, nikapanda.

Niseme ukweli, nilipata shaka. Kofia ilipofika katikati niliivaa kwenye vidole vitatu nikafikiri, mbona hii? Lakini mimi ni kitinda mimba. Watoto ninaowajua ni wa mgongoni, waliofungwa kwenye kitenge, wanaochungulia wakiwa tayari na miezi yao. Wa siku ya kwanza sijawahi kumshika. Nikajiambia pengine wanatoka hivyo, kichwa kama chungwa, halafu kinakua haraka. Ningeweza kumwuliza Mama, aliyezaa sita, aliyekuwa akimenya viazi hatua tatu kutoka kwangu. Sikumwuliza. Ningeweza kumwuliza Mama wa Mubi mwenyewe, chini ya maneno yake, kama wengine walivyokuwa wakiuliza. Sikumwuliza. Niliamini kopo.

Siku ya kwenda kumwona yaya, nyumba ilijaa mpaka mlangoni. Zawadi zikafunguliwa: vitenge, sabuni, beseni la plastiki, blanketi lenye maua. Shangazi yetu ndiye aliyekuwa akizinyanyua. Akafika kwenye yangu, akaitoa kwenye gazeti nililoifungia, akainyanyua kwa vidole viwili, akaigeuza huku na huku.

“Hii iko nini?” akauliza. “Iko ya kufunika chupa ya maziwa?”

“Iko kofia,” Mama akasema, lakini sauti yake ilikuwa tayari inaomba radhi.

“Kofia ya nani? Ya yai?”

Wakacheka. Sikatai, ilichekesha. Shangazi akaiweka kwenye kichwa cha mtoto, na kile kichwa kilikuwa kikubwa, Mungu wangu, kikubwa na chekundu na chenye nywele, na kofia ikakaa juu kabisa kama kifuniko cha chupa. Mtoto akakunja uso. Yaya akacheka mpaka akashika tumbo, akisema, “Musinichekeshe, bado naumwa, musinichekeshe,” halafu huyo huyo anayeumwa akachukua telefone yake na kupiga foto.

“Ulijifunzia wapi hii?” akaniuliza.

Na mimi mjinga, kwa kutaka macho ya watu yaniondoke, nikasema, “Kwa ule mama wa Mubi. Kwenye ukurasa wake.”

Yaya ana unite, mume wake ni mwalimu na anapenda kusoma habari. Yaya anaona picha na anatuma picha. Jioni hiyo hiyo alienda kwenye ukurasa wa Mama wa Mubi na kubandika foto ya mtoto na kofia, na chini yake akaandika, “Mama, ona kofia yenye ulifundisha mudogo wangu. Kumbe ku Mubi watoto wanazaliwa na kichwa ya kidole?” Akaweka vile viso vya kucheka, mstari mzima.

Mimi nililijua kesho yake, kwenye nguzo ya tatu. Nilisoma komantere, maoni ya watu, moja baada ya nyingine huku nikihisi masikio yanapata moto. Mwanzoni watu walikuwa wanacheka tu. Kisha wakaja wale wasiofuma, ambao sijui walitoka wapi na wanatafuta nini kwenye ukurasa wa layine. Mmoja akaandika kwamba watu wa machimbo wanajua mchanga, hawajui uzi. Mwingine akaandika kwamba yeye angekuwa mzazi hawezi kumwagizia kazi mtu kama huyo. Mwingine, mwanamume, akauliza kama restora yake nayo inapika chakula cha saizi hiyo. Nilitaka kuitupa telefone kwa ng'ombe. Kisha nikafika chini kabisa, na Mama wa Mubi alikuwa amejibu.

“Nimesoma yote. Foto siione, miye pia niko mu ya bure. Lakini kicheko nimeisoma. Kuko mama wawili walikuwa waniagizie layeti, nguo ya watoto wachanga, leo wamenyamaza. Naandikaka hapa juu napenda, hakuna muntu ananituma. Sasa nimechoka. Kuanzia leo siandike tena. Mubaki na amani.”

Nikasoma tena. Nguzo ya tatu, nguzo ya nne, nilitembea kati yake kama mbuzi aliyefungwa. Kilichoniuma si kwamba kofia ilichekwa. Ni kwamba mwanamke aliyefuma na sindano moja ya mwanzi akitoka porini, anaacha kwa sababu ya kofia yangu. Na bado sikuwa nimejua kosa liko wapi. Nilifuata kila neno lake. Kwa dakika chache, naandika kwa aibu, nilifikiri labda amekosea yeye kweli.

Kisha ikaingia komantere ya mama wa Hombo. Mistari yake mitatu.

“Miye nilifuma hii kofia mara ine. Zote zilitoka muzuri. Nyinyi watu ya milima mulipima na kopo gani? Huku tomati tunauzaka mu kopo kubwa, ya restora.”

Hakuna aliyemjibu. Kicheko kiliendelea chini yake kana kwamba hakuandika kitu. Lakini mimi nilikuwa nimeelewa. Bila shaka. Mama wa Mubi anapikia madereva. Kopo lake la tomati ni lile kubwa kama kichwa cha mtoto, na ndiyo maana alilichagua kuwa kipimo. Kwake hakuna mtu anayesema kopo la tomati akimaanisha lile la ngumi. Na kwetu hakuna mtu aliyewahi kuona lile lingine. Hakuna aliyedanganya. Ila mmoja wetu alipaswa kuuliza, na huyo mmoja nilikuwa mimi.

Nilikwenda kwa yaya moja kwa moja, kilima cha pili, bila hata kupitia nyumbani. Nilimkuta ananyonyesha.

“Futa ile foto,” nikamwambia.

“Nifute juu ya nini? Watu wanacheka tu.”

“Yule mama anaacha kuandika.”

“Muntu anaacha kuandika juu ya kofia? Basi alikuwa anatafuta sababu.”

“Kosa iko yangu, yaya. Nilipima na kopo kidogo.”

Akanitazama, akaelewa, na akacheka upya, kwa nguvu zaidi. “Kopo kidogo! Weye! Sasa hiyo njo niandike!”

“Usiandike kitu! Futa!”

“Bon, nitafuta. Lakini haitasaidia. Wenye waliona, waliona. Kama unataka aelewe, andika weye mwenyewe. Uko na vidole kumi.”

Aliifuta kweli, mbele yangu, akiwa na mtoto kwenye ziwa na kidole gumba kwenye kioo. Na alisema kweli, haikusaidia. Hiyo ndiyo inayoniudhi kwa yaya: anaharibu kitu huku anacheka, halafu anasema jambo la kweli, na unabaki huna pa kupeleka hasira yako.

Nyumbani nilimweleza Mama. Nilitarajia atasema niache, wale ni watu wa mtandao, hatuwajui. Mama alikuwa anapepeta maharagwe na hakuacha kupepeta.

“Huyu mama ulijifunza kwake miaka ngapi?”

“Miwili.”

“Ulishamuambia aksanti?”

Niliinama nikaokota maharagwe yaliyoanguka.

“Basi uko na vitu viwili vya kumuambia,” akasema. “Chukua telefone, na usinimalizie moto ya batri.”

Nilisimama kwenye ua wa jirani siku mbili, asubuhi na baada ya shule. Niliandika na kufuta. Mara ya kwanza niliandika kwa Kifaransa, kwa kujificha, na ilitoka kama barua kwa prefe, mkuu wa shule. Nikafuta. Mara ya pili niliandika kwamba “kuna mtu” alipima vibaya. Kuna mtu! Nikafuta kwa hasira mpaka kidole kikateleza na kufunga telefone. Mara ya tatu nilikuwa nimefika mbali, rezo ikakatika, na maneno yote yakaenda yalikokwenda. Mama wa maziwa alipita na kuniuliza kama muchumba amekataa. Nikamwambia, “Mama, niko na kazi,” na wote wawili tukashangaa kwamba nimesema.

Mwishowe niliandika hivi, nayanakili maneno hapa kama yalivyokwenda, na makosa yake:

“Mama wa Mubi, shikamoo. Miye njo mwenye ile kofia. Kosa haiko yako, iko yangu. Huku kwetu Masisi kopo ya tomati iko kidogo sawa ngumi, na sikukuuliza. Niliona kofia iko ndogo na sikuuliza tena. Niko nakusoma miaka mbili. Sindano yangu iko rayo ya kinga. Ukingo yangu inatoka sawa mahindi juu ya maneno yako. Mama wa Hombo alinimalizisha soksi na hajui. Dada wa Mubambiro alinionyesha kugeuza pullover ndani, njo sababu layine ya kofia ilikuwa muzuri hata kama kofia ilikuwa mubaya. Sikuwaambia hata mara moja juu niko na haya. Wenye kumucheka huyu mama, municheke miye, niko hapa. Mama, nakuomba usiache.”

Nikabonyeza kabla sijasoma tena. Kisha nikakimbia kutoka kwenye nguzo kana kwamba maneno yangeweza kurudi kunikamata.

Walinicheka, ndiyo. Niliwaita wenyewe, wakaja. Msichana wa darasa letu aliandika, “Kumbe huyu anajuaka kusema,” na Jumatatu shuleni watatu waliniita Kopo. Wale wasiofuma walichoka upesi, kwa sababu mtu aliyekwisha kukubali hana ladha. Yule wa Mubambiro aliandika kwamba layine inaweza kuokolewa, nifumue. Wa Hombo aliandika neno moja, “Nilijua.” Lakini Mama wa Mubi hakuandika. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nilikwenda kwenye ua hata Jumapili kabla ya misa na viatu vya misa, nikavichafua, Mama akanigombeza, na ukurasa ulikuwa vilevile, maneno yake ya mwisho yakiwa juu: mubaki na amani. Amani gani? Nilianza kumkasirikia hata yeye. Nimekuja mbele ya watu wote, mimi, na wewe unanyamaza?

Siku ya tano alijibu, chini ya maneno yangu.

“Weye mutoto. Miaka mbili uko mu nyumba yangu unakula na hata bonjour hauniambie? Namna gani hiyo? Nilifikiri naandikia wale wane wenye kunijibu, na miti ya Walikale. Kopo kubwa, kopo kidogo, hii pia iko kosa yangu, nilisahau hamuna madereva. Sasa acha kulia. Kamata uzi, pima kichwa ya ule mutoto. Uniambie urefu na kitu yenye iko sawasawa kila fasi, kwenu na kwetu. Sitaki kusikia tomati.”

Nilipanda tena kilima cha pili. Yaya alikuwa amenikasirikia kidogo, kwa sababu watu walimwandikia kwamba amemwaibisha mdogo wake, lakini alinipa mtoto nimshike, mara yangu ya kwanza. Alikuwa mzito na alinuka maziwa, na hakutaka kupimwa. Nilizungusha uzi kwenye kichwa chake mara tatu na mara tatu aligeuka. Yaya akasema nimshike kama mtu, si kama boga. Mwishowe tulipata, nikafunga fundo, tukanyoosha uzi mezani na kuanza kutafuta kitu. Kijiko? Vijiko havifanani. Chupa? Yaya akasema chupa zinabadilika kila mwaka. Tulibishana juu ya sahani. Mume wa yaya, aliyekuwa akisahihisha kazi za wanafunzi wake, akasogeza kuelekea kwetu kaye moja, daftari la shule, na kiberiti, vitu vilivyokuwa mbele yake. Kaye ikiwa imesimama, na viberiti vitatu. Ilitosha kabisa.

Nikaandika kutoka kwenye ua: kaye moja wima, ile ndogo ya wanafunzi wa msingi, na viberiti vitatu. Siku iliyofuata Mama wa Mubi aliweka maelekezo mapya. Hakunisalimu, hakunishukuru, hakusema amesamehe mtu. Aliandika tu, kwa herufi kubwa, KOFIA YA MUTOTO WA SIKU YA KWANZA, FASI YA BARIDI, kisha jinsi ya kuanza, jinsi ya kupandisha, na kwamba kwa watu wa milimani uzi uende maradufu kwenye masikio. Na mwishoni: “Kipimo ilitoka Masisi. Mukiwa na swali juu ya kipimo, muulize ule mutoto wa Masisi, miye niko na wali kwenye moto.”

Nilisoma mstari ule na nikataka kumpigia kelele. Muulize ule mutoto! Alijua. Alijua vizuri kabisa anachofanya. Nilisimama hapo nikiwa nimekasirika kuliko siku zote, na kabla sijaiweka telefone mfukoni, yule wa Mubambiro alikuwa ameshauliza, kwa wote kusoma:

“Wewe wa Masisi, kiberiti unapimaka upande gani, murefu ao mufupi?”

Nikatazama chini. Halafu nikaandika: murefu.